Mkono wa Pili wa Sweta

Jumamosi mchana, maua ya pareto yakiwa yamekwisha kupimwa na watu wameshanawa mikono, Wachuka aliketi juu ya debe mlangoni pake akaendelea kufumua sweta. Kufumua, wala si kufuma. Sindano zake zilikuwa spoki mbili za baiskeli zilizonolewa ncha kwa jiwe, na uzi wake wa kijani ulitoka kwenye sweta kuukuu ya memsahib, mke wa mwenye shamba, ambayo nondo walikuwa wamekula kifua chote wakaacha mgongo. Hii mpya ilikuwa na mwaka mzima tangu ianzwe. Haikuisha kwa sababu mwenye kuivaa hakuwapo, na Wachuka hakujua kama huko aliko amekonda au amenenepa. Akiota amekonda, aliamka akafumua mistari miwili mitatu. Akiota amenenepa, akairudisha.

"Wewe nawe," jirani yake Naliaka akamwambia kutoka mlango wa pili, huku akichambua majani ya kunde. "Kwani unamshonea mtu ama unaushonea mwezi? Leo mwembamba, kesho mnene."

"Leo amekonda," Wachuka akasema. "Nimemwona usiku, mabega yote yameanguka."

"Basi fumua. Lakini mwezi wa saba unakuja, na baridi ya huku Bahati haitangoja uote vizuri."

Mwenye sweta alikuwa Naftaly Kang'ethe, mume wa Wachuka. Alichukuliwa mwaka uliotangulia, siku watu wote wa laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba, walipopangwa mstari uwanjani na mtu aliyefunikwa gunia, amebakiwa na matundu mawili ya macho, akapitishwa mbele yao. Akitikisa kichwa mbele yako, unapanda lori. Asipotikisa, unarudi kwenye pareto. Mbele ya Naftaly gunia lilisimama, likavuta pumzi, likapiga chafya. Lilikuwa gunia la mahindi, bado lina vumbi lake. Watu walieleza kwamba ile ni chafya. Askari akasema chafya hutikisa kichwa, na kichwa kikitikisika kimetikisika. Naftaly akapanda lori. Aliaga kwa kuuliza kama sweta itakuwa tayari kabla ya baridi, maana siku hiyo ilikuwa na mgongo tu.

Wachuka alikwenda ofisi ya serikali Nakuru, akarudi, akaenda tena. Karani aliyekuwa pale alitafuta kwa bidii, hata jasho likamtoka. Akamwambia Naftaly hayuko katika kambi yoyote, hayuko jela, hayuko hospitali, na wala hajafa.

"Basi yuko wapi?"

"Mama, nimekwambia mahali pote ambapo hayuko," karani akasema. "Hiyo nayo ni kazi."

Ndiyo maana Wachuka hakuwa na mtu wa kumuuliza vipimo ila ndoto.

Jua lilipokuwa linaelekea kujificha nyuma ya mlima wa Menengai, filimbi ya nyapara ikalia. Nyapara Kimaiyo alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kuimba kanisani, na hata akikutishia alikutishia kwa adabu.

"Watu wangu, kuna sinema!" akatangaza akipita katikati ya nyumba. "Ni ya lazima, lakini ni ya bure. Beba kiti chako. Aliye na mtoto wa kulia aje naye, alie huko huko."

Lango la seng'enge iliyozunguka laini likafunguliwa, watu wakatoka na viti vyao hadi uwanja wa kukaushia pareto, ambako gari la sinema lilikuwa limeshasimama. Kitambaa cheupe kilikuwa kimefungwa kwenye milingoti miwili, upana wake kama ukuta wa nyumba. Nyuma ya gari alikuwa Mzungu kijana mwenye masikio mekundu, anayeitwa Bwana Sinema, akishughulika na mashine yake. Mbele, kando ya kitambaa, alisimama Joash Ogola na tarumbeta yake ya bati ya kupazia sauti.

Joash alizaliwa kwenye landi, nyumba za wafanyakazi wa reli mjini Nakuru, babake akiwa fundi wa injini, na kazi yake ilikuwa kusimulia sinema kwa Kiswahili. Sinema zilisema Kiingereza. Yeye alisimama pale akaeleza watu wanaona nini. Aliifanya kazi hiyo kwa miaka, na alikuwa amegundua jambo ambalo hakumwambia Bwana Sinema, kwa kuwa hakuulizwa. Watu wa ndani ya kitambaa walikuwa wanamsikia. Kulikuwa na sinema moja ya usafi, kuhusu mtu anayenawa mikono kwa maji. Siku moja Joash, kwa mazoea ya mama yake, akaongeza, "na sabuni." Yule mtu akasimama, akaangaza huku na huku kuitafuta. Tangu hapo Joash aliwasimulia kwa uangalifu, asije akawasumbua.

Jioni hiyo Bwana Sinema alimpa maneno ya kufungulia, naye Joash akayapaza.

"Bwana anasema sinema hii ni ya kutisha sana! Imetoka Ulaya. Inaonyesha mji wa kesho, jinsi nchi itakavyokuwa mkiwafuata wale walioko msituni. Bwana anasema mtazame, kisha mrudi nyumbani mkiogopa."

Jenereta ikanguruma, taa ikapiga kitambaa, na mji wa kesho ukatokea. Ulikuwa wa rangi ya majivu, kama sinema zote. Kila mtu mjini alivaa nguo ya aina moja.

"Katika mji huu," Joash akasema, "mtu hatembei bila karatasi. Mwoneni yule, ameulizwa karatasi yake."

Watu wakatazama.

"Katika mji huu filimbi ikilia, kila mtu anaingia ndani na lango linafungwa. Wanalala wengi chumba kimoja. Pembeni ni seng'enge, na nje ya seng'enge kuna handaki. Chakula wanapimiwa."

"Wanapimiwa na nini?" mzee mmoja akauliza.

Joash akasogea karibu na kitambaa, akachungulia. "Kibaba."

"Kinajaa?"

"Kimejaa mpaka juu."

Minong'ono ikapita uwanjani. Kibaba cha shamba hilo hakikuwa kinajaa. Lakini lililowapendeza watu zaidi ni kwamba waliokuwa kwenye mstari, na karatasi zao mkononi, wote walikuwa Wazungu. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Naliaka aliuliza tu kama wanalipwa kwa mwezi ama kwa wiki.

Bwana Sinema akasimamisha mashine, akaja mbele, akasema na Joash maneno mengi.

"Bwana anauliza mbona hamuogopi."

"Tuogope nini?" Naliaka akauliza.

"Anasema seng'enge."

Watu wote wakageuka nyuma, kisha wakageuka mbele. "Ile yetu ama ile ya sinema?"

Joash alimwambia Bwana Sinema kwamba watu wanaogopa sana, ila ni wa haya. Mashine ikawashwa tena.

Ikafika mahali ambapo mstari wa watu unapandishwa lori. Kamera ikapita uso kwa uso, polepole, na nyuma ya Mzungu mmoja mnene mwenye masharubu akatokea Naftaly Kang'ethe.

"Huyo si Naftaly?" Naliaka akasema.

"Ndiye," Kimaiyo akasema kutoka kando. "Hata anavyosimama, mguu mmoja nje."

"Amekonda," akasema mwingine.

Wachuka aliinuka kutoka kwenye debe lake akatazama mabega, kisha kifua, kisha urefu wa mikono, haraka haraka kabla lori halijaondoka, kama mtu anayepima kitambaa dukani mwenye duka akiwa anafunga. Lori likaondoka. Mji wa kesho ukafungwa lango lake, jenereta ikazimwa, na Kimaiyo akapiga filimbi ili wa laini nao waingie ndani wafungiwe lao.

Usiku huo Wachuka alifumua mistari saba ya kifua. Asubuhi akarudisha mitatu aliyojutia kuifumua.

*

Gari la sinema lilirudi mwezi uliofuata na sinema ile ile. Serikali haikuwa na nyingine ya kutisha.

Safari hii watu hawakungoja walazimishwe. Walikaa mapema, Wachuka akiwa mbele kabisa, na kikapu cha irio za viazi na mahindi kilichofunikwa kwa jani la mgomba, na uzi wa kupimia wenye mafundo. Lori lilipotokea, alisimama akaenda mpaka kwenye kitambaa. Kivuli chake kikawafunika nusu ya watu wa mji wa kesho.

"Mama, keti!" Bwana Sinema akapiga kelele kwa Kiswahili chake.

"Anaketi, bwana, anaketi," Joash akasema, na kwa watu akasema kwenye tarumbeta, "Hapa ndipo lori linangoja kidogo, dereva akiwasha sigara."

Ndani ya kitambaa dereva alijipapasa mfukoni, akapata sigara, akaiwasha.

Wachuka akainua uzi. Akapima bega hadi bega, na Naftaly alipomwona alinyooka wima, akatoa pumzi, kama afanyavyo mtu mbele ya fundi wa nguo. Akageuka nyuma apimwe mgongo. Yule Mzungu mwenye masharubu akampisha. Wachuka alipomaliza alipitisha kikapu chini ya kitambaa, mahali kisipofika chini sawasawa, na kikapu kikaingia. Dereva akatupa sigara. Lori likaenda zake.

Baada ya sinema watu waliingia ndani ya lango, lakini Joash alikuja mbio hadi kwenye seng'enge na kikapu mkononi. Kilikuwa kitupu, na jani la mgomba limekunjwa vizuri.

"Wachuka ni nani hapa? Nimekikuta nikikunja kitambaa. Yule bwana yako anasema asante. Amesema pia chumvi."

"Chumvi imezidi?"

"Imepungua."

"Ni yeye kweli," Wachuka akasema. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya chafya macho yake yakalowa. Akayapangusa kwa kikapu, kwa kuwa ndicho kilichokuwa mkononi. "Na wewe, baba, unasimulia vizuri. Ile sigara haikuwamo mara ya kwanza."

Joash akatazama nyuma. Bwana Sinema alikuwa anakunja waya. "Tafadhali, mama. Nina kazi, nina watoto. Mimi nasimulia yaliyomo."

"Nami nakuomba kidogo tu. Lori lisifike."

"Lisifike wapi?"

"Huko linakokwenda. Liharibike njiani, watu wateremke. Malori si huharibika?"

"Mama Wachuka, hii sinema imetengenezwa Ulaya, na mashine kubwa."

"Nayo yale malori ya hapa yametengenezwa wapi?" Wachuka akauliza. "Na kila wiki tunayasukuma."

Joash akarudi kwenye gari.

*

Gari la sinema lilipokuja mara ya tatu, baridi ilikuwa imeanza kuteremka kutoka misitu ya juu, na watu walikuja sinema wamejifunika mablanketi. Sweta ya kijani ilikuwa na mgongo, kifua, shingo, na mkono mmoja. Wachuka alikuja nayo, pamoja na debe lake, na irio zenye chumvi.

Bwana Sinema naye alikuwa na baridi, akajifungia ndani ya gari karibu na mashine, akijifuta pua. Joash alisimulia karatasi, akasimulia filimbi, akasimulia kibaba. Lori likapandisha watu, Naftaly akiwa wa mwisho. Lori likaanza kwenda. Watu wote wakamtazama Joash, si kitambaa.

"Lori linakwenda," akasema. Akakohoa. "Linakwenda, linakwenda... Basi lori linapata pancha."

Gurudumu la nyuma likasema pss. Lori likainama upande mmoja.

"Dereva anateremka. Anasema maneno ambayo mbele ya akina mama sitayarudia. Abiria nao wanateremka wanyooshe miguu. Na yule mwembamba wa nyuma, yule mwenye mguu mmoja nje, anaambiwa kwa kuwa nyumbani kwake ni karibu, aende akasalimie."

Naftaly akateremka. Akatazama kushoto na kulia kama mtu anayevuka barabara ya mjini, akaja mbele, akawa mkubwa, akajaza kitambaa chote kwa magoti yake, kisha akavuka pindo la chini kwa kuinua mguu juu ili asilichane. Akasimama kwenye nyasi. Alikuwa wa rangi ya majivu kuanzia nywele mpaka viatu.

"Habari za hapa," akasema.

"Nzuri. Za huko?" watu wakajibu.

"Ni hivyo hivyo tu."

Kimaiyo akasogea kwenye kiti chake akampa nafasi. Naftaly akaketi, akapewa kikapu, akala huku akitazama sinema iliyobaki. Hakuwa amewahi kuuona mwisho wake. Pancha ikazibwa, lori likaenda bila yeye, lango likafungwa. Filimbi ikalia, watu wakainuka. Naftaly akaingia nao langoni, akiwa amembebea mkewe debe.

*

Jumapili ile ilikuwa na jua baridi. Naliaka alikuja asubuhi na maziwa, akamzunguka Naftaly aliyekaa mlangoni.

"Shemeji, kwani huko ulikuwa ukilala kwenye jivu?"

"Ndiyo rangi yetu huko."

"Hebu nikupanguse." Akampangusa shavuni kwa kanga yake. Haikutoka. "Basi. Hata hivyo yakufaa. Umekuwa kama picha ya mfalme kwenye duka la Mhindi."

Wachuka alimpa uji, kisha chai, kisha viazi vitamu, kisha chai tena, na kila alichokula kilimrudishia rangi kidogo. Vidole ndivyo vilivyotangulia. Kufikia saa sita mikono yake ilikuwa ya kahawia hadi viwiko, na Wachuka akaishika, akaikagua, akakuta lile kovu la zamani la panga bado lipo mahali pake.

Akamvisha sweta. Mgongo ulikaa, kifua kilikaa, shingo ilikuwa sawasawa. Mkono wa kushoto ulifika kwenye kifundo. Kulia hakukuwa na kitu, bega lilikuwa wazi.

"Kesho jioni nitamaliza mkono wa pili," akasema, akakaa karibu naye na spoki zake, akaanza.

"Usifanye haraka, utanishona na mimi."

"Nikikushona ndani hutakwenda tena."

Wakakaa hivyo mchana kutwa. Alifuma, naye akashika kibunda cha uzi, akimwachia kidogo kidogo. Majirani walipita wakasalimia. Wengine waliuliza kama huko amewaona watu wao, naye akasema mstari ni mrefu, yeye alikuwa anaona mgongo wa yule mwenye masharubu tu.

"Huko kukoje?" Wachuka akamuuliza walipobaki wawili.

Naftaly akafikiri. "Kama hapa. Filimbi, karatasi, lori. Ila huko kuna muziki."

"Muziki wa nini?"

"Kila wanapotupandisha lori kuna muziki mzito unapigwa, sijui wanapigia wapi. Wa kuonyesha kwamba jambo hili ni baya."

Wachuka akahesabu vitanzi vyake, akavuta uzi. "Hapa hatuna," akasema.

"Hata mimi niliona tofauti hiyo. Siku ile ya gunia, hata ndege hawakunyamaza."

Usiku walilala mapema. Rangi ilikuwa imemfika shingoni, na uso wake ulibaki wa majivu, lakini gizani hilo halikuonekana. Wachuka aliweka kichwa kwenye ule upande wa sweta usiokuwa na mkono.

Jumatatu filimbi ililia kabla ya umande kukauka, watu wakapanga mstari wahesabiwe kwenda pareto. Naftaly alipanga pia, na ndoo mkononi. Kimaiyo akapita akihesabu kwa kugusa mabega, akafika kwake, akasimama.

"Naftaly," akasema kwa upole. "Karatasi yako?"

"Waliichukua siku ile, nyapara. Huko nilipewa nyingine, lakini ina maandishi ya Ulaya."

Kimaiyo akaitazama, akaigeuza. "Hii ni ya sinema, ndugu yangu. Huku haitumiki."

"Najua."

"Nikikuandika, bwana ataniuliza nimekutoa wapi. Nisipokuandika, umezidi. Na leo askari wanakuja kukagua."

"Fanya kazi yako tu, mzee."

"Sina raha nayo," Kimaiyo akasema, akaifanya.

Lori lilifika asubuhi hiyo hiyo. Gurudumu lake la nyuma lilikuwa na kiraka kipya. Wachuka alikuwa ameketi kwenye debe na spoki mbili mkononi, mkono wa pili wa sweta umefika katikati, anafuma kwa kasi ambayo hata mwalimu aliyemfundisha kufuma misheni hangeiruhusu. Naftaly alikuja akachuchumaa mbele yake ili amwone vizuri.

"Acha tu. Huu mmoja unatosha."

"Hautoshi. Umefika kwenye kiwiko, ngoja."

"Wachuka."

Alipanda. Hakuna muziki uliopigwa. Kuku wa Naliaka walikuwa wanapekua chini ya lori, na lilipoondoka wakatawanyika, kisha wakarudi pale pale.

*

Gari la sinema lilipokuja tena, baridi ilikuwa imekaza na ukungu umelala juu ya pareto. Joash aliruka kutoka kwenye gari kabla halijasimama, akamtafuta Wachuka.

"Mama, nimesikia. Pole."

"Asante. Ulifanya vizuri. Siku mbili nilikuwa naye."

"Leo niseme nini? Pancha tena? Naweza hata kuvunja daraja. Kwenye ile barabara wana daraja, nimeliona."

Wachuka alikuwa amelifikiria jambo hilo mwezi mzima. "Akitoka Jumamosi, Jumatatu wanamchukua," akasema. "Na wakimchukua mara nyingi hivyo watamchosha. Huko angalau kibaba kinajaa. Wewe fanya lori liende polepole tu."

"Polepole kiasi gani?"

"Kiasi cha mkono mmoja."

Taa ikapiga kitambaa. Mji wa kesho ulikuwa vile vile, wa majivu, na filimbi yake na seng'enge yake. Mstari ukatokea, na katikati ya majivu yale yote kukawa na sweta ya kijani. Ilikuwa kijani kabisa, kama majani ya viazi baada ya mvua, na ilikuwa na mkono mmoja. Watoto walimwona Naftaly kwa mbali wakaanza kumwita kwa jina.

Bwana Sinema alisimamisha mashine. Akafuta kioo kwa leso, akaiwasha. Sweta ikabaki. Akafuta tena, akapuliza, akaiwasha. Mwishowe akamwambia Joash kwamba hiyo ni hitilafu ya mashine na watu wasiijali.

"Bwana anasema msiijali sweta," Joash akatangaza.

"Hatuijali," watu wakajibu, wakisogeza viti karibu wapate kuiona vizuri.

Lori likapandisha watu, na Joash akaweka tarumbeta mdomoni.

"Sasa lori linaanza safari. Lakini barabara imekuwa mbaya, mvua imenyesha huko. Lori linakwenda polepole. Kuna mlima. Dereva ni mtu mwangalifu, ana mke mjamzito nyumbani, hataki kuharakisha. Linapanda, linapanda taratibu..."

Lori lilipanda taratibu. Naftaly alikuwa amekaa pembeni kabisa, bega lake wazi likielekea nje. Wachuka akabeba debe lake hadi kwenye kitambaa, akalipindua, akapanda juu. Akatoa kwenye kikapu mkono wa pili wa sweta, uliomalizika, na sindano ya kawaida yenye uzi wa kijani.

"Na yule wa pembeni," Joash akasema, sauti imeshuka, "ananyoosha mkono."

Mkono ukatoka kwenye kitambaa, mwembamba, wa majivu. Wachuka akauvisha, akauvuta hadi begani, akaanza kushona kuzunguka. Kimaiyo alivua kofia, halafu akakumbuka kwamba si mazishi, akaivaa. Wachuka alishona mshono mdogo mdogo wa kudumu, akilowesha uzi kwa ulimi, na Naftaly aligeuza bega kila alipoambiwa geuka. Yule Mzungu mwenye masharubu, aliyekuwa amekaa karibu naye, alimshikia pindo.

"Kunabana kwapani?" Wachuka akauliza.

"Hapana."

"Sema ukweli, nisije nikalala nikiwaza."

"Kunabana kidogo. Utalegea."

Joash aliongeza mlima wa pili, kisha ng'ombe wanaovuka barabara, kisha mchungaji wao, mzee mwenye mambo mengi aliyetaka kujua habari za dereva na za nyumbani kwake. Alipoishiwa aliongeza ng'ombe wengine. Ndani ya gari Bwana Sinema aliitazama saa yake, akaitikisa, akaisikiliza sikioni.

Wachuka alifunga fundo, akainama, akakata uzi kwa meno. Midomo yake iligusa bega, ikakaa hapo zaidi ya vile ambavyo uzi ulihitaji.

"Basi," akasema.

"Basi ng'ombe wamepita," Joash akasema.

Lori lilikwenda. Lilionekana kwa muda mrefu, maana katika mji ule wote ni hilo tu lililokuwa na kitu cha kijani ndani yake. Lango la mji wa kesho likafungwa, kitambaa kikawa cheupe, na Kimaiyo akapiga filimbi. Watu wakabeba viti vyao wakaingia ndani ya seng'enge wakizungumza. Wengi walisema mkono wa pili umekaa vizuri kuliko wa kwanza. Naliaka alisema sinema hii ndiyo ya kwanza kumpendeza, ijapokuwa ng'ombe walizidi.

"Nimeona kichwa chake kiko wazi," Wachuka akamwambia walipofika milangoni mwao.

"Nami niliona."

"Hata kofia hawapewi."

Nyuma yao Kimaiyo alivuta lango, akafunga mnyororo, akaujaribu kwa mkono kama umeshika. Ulikuwa umeshika. Wachuka akaweka debe lake chini mahali pake, akaketi, akatoa kikapuni kibunda cha uzi uliobaki. Akakipima kwa kiganja, akaona kitatosha.